Nataka kuacha ajensi nimhudumie mama mmoja nyumbani kwake: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Leicester, nina makazi ya kudumu, na nimefanya kea kwenye ajensi miaka saba. Kuna mama mmoja mzee ninayemhudumia, na watoto wake wameniomba niache ajensi nije kwao moja kwa moja. Watanilipa pauni 16 kwa saa, mkononi, Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Wanasema nitakuwa nimejiajiri, kwa hiyo mambo ya kodi ni yangu. Shoga yangu mmoja ananiambia bila kusajiliwa na CQC, wale wasimamizi wa huduma za matunzo, nitafungwa. Mwingine anasema nifungue kampuni tu, yataisha. Mimi nilifikiri wikiendi nimpeleke mdogo wangu anishikie, nami nimlipe. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo neno la kujiajiri, kwa sababu mengine yote uliyouliza yanalitegemea.

Hapa Uingereza watu wawili hawawezi kukaa mezani wakakubaliana kwamba mmoja wao amejiajiri na ikawa hivyo. Mamlaka ya kodi, HMRC, pamoja na mabaraza ya kazi, wanatazama kazi inavyofanyika siku kwa siku. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya fundi bomba wa kampuni ya Pimlico Plumbers. Makaratasi yalimwita aliyejiajiri na kodi alikuwa akijilipia mwenyewe, lakini mahakama ilikubali kwamba alikuwa mfanyakazi mwenye haki zake, likizo ya malipo ikiwamo.

Sasa jipime. Nani amepanga siku na saa? Familia. Unaweza kuwaambia wiki hii Jumanne sitakuja, nitakuja Ijumaa? Nadhani huwezi. Ukiugua unaweza kumtuma mtu mwingine unayemtaka wewe, au wanakutaka wewe mwenyewe? Wanakutaka wewe. Una wateja wengine, au wiki yako yote itakuwa nyumba hiyo moja? Mambo yakiwa hivi, kwa macho ya HMRC unaelekea kuwa mwajiriwa wa ile familia. Kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, kuna chombo cha kupimia hali hii, kinaitwa CEST, na hakina malipo. Kijaze pamoja na binti wa huyo mama, mjibu kama kazi itakavyokuwa kweli, kisha mhifadhi nakala ya majibu. Siku mtakapoulizwa, nakala hiyo ndiyo itakayowatetea.

Usichukulie kwamba kuajiriwa na familia ni hasara. Tuziangalie hizo pauni 16. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, tangu Aprili 2026, ni pauni 12.71 kwa saa. Mwajiriwa ana haki ya likizo ya wiki 5.6 kwa mwaka, ambayo kwa hesabu ya saa ni asilimia 12.07 juu ya mshahara. Jumlisha, unapata kama pauni 14.24. Ongeza malipo ya ugonjwa na mchango wa mwajiri kwenye pensheni, halafu kumbuka kwamba aliyejiajiri analipia bima yake, mafunzo yake na glavu zake. Ile tofauti iliyoonekana nono inayeyuka. Familia nyingi hazisemi "umejiajiri" kwa ubaya, wanaogopa tu makaratasi ya mshahara. Waambie hivi: anayemwajiri mhudumu wa mgonjwa nyumbani kwa kawaida anaruhusiwa kudai unafuu uitwao Employment Allowance, ambao tangu Aprili 2025 unafika pauni 10,500 kwa mwaka. Kwa saa zako 24 kwa wiki, mchango wao wa bima ya taifa (National Insurance) kama waajiri utafutika wote. Wakilipa pauni kidogo kila mwezi, kuna ofisi za kuandaa mishahara zitakazowashughulikia hesabu. Watahitaji pia bima ya mwajiri ya angalau pauni milioni 5, ambayo ni lazima kisheria kwa anayeajiri mtu.

Ushauri wangu, na nausema nikijua ulitarajia mwingine: kwa nyumba hii na kwa saa hizi, omba wakuajiri. Kama lengo lako ni kujitegemea, siku zako nyingine tafuta wateja wawili watatu unaopanga nao wewe, kwa bei yako, na huko ndiko ujisajili kama mtu aliyejiajiri. Sheria inaruhusu mtu mmoja kuwa mwajiriwa sehemu moja na kujiajiri sehemu nyingine, na watu wengi wanaishi hivyo.

Tuje kwenye CQC. Shoga yako amechanganya mambo, ingawa hofu yake ina mzizi. CQC ndiyo mamlaka inayosimamia huduma za afya na matunzo England. Chini ya sheria ya mwaka 2008, huduma ya mwili, yaani kumwogesha mtu, kumvalisha, kumlisha, kumpeleka chooni, kumsafisha kinywa kwa sababu ya uzee au maradhi, ni kazi inayohitaji usajili, na kuitoa bila usajili ni kosa la jinai. Kumpikia, kumnunulia mahitaji, kukaa naye mkazungumza hakuhitaji. Lakini sheria imemwachia nafasi mtu kama wewe. Mhudumu mmoja, aliyechukuliwa moja kwa moja na mgonjwa au jamaa zake, bila ajensi wala kampuni katikati, na anayefanya kazi kwa maelekezo na usimamizi wao kikamilifu, hahitaji kujisajili.

Hapo pana mtego, na nakuomba uutazame vizuri. Msamaha wa CQC unataka uwe chini ya maelekezo ya familia. HMRC nao wakiona uko chini ya maelekezo ya familia, wanaanza kukuona mwajiriwa. Kadiri unavyojitanua uonekane mfanyabiashara kamili, mwenye kupanga kila kitu na kutuma watu, ndivyo unavyouacha msamaha wa CQC nyuma. Anayefanya huduma ya mwili kwa kujiajiri anapita kwenye uchochoro mwembamba: mpango wa huduma ni wa mgonjwa na familia, ila ratiba, bei, idadi ya wateja na hiari ya kukataa kazi ni vyako. Wengi waliojiajiri katika kazi hii hawajawahi kuelezwa hivyo. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kukushauri uajiriwe pale.

Kwa hiyo wazo la kampuni liache. Ukifungua kampuni, kampuni ndiyo inayotoa huduma na wewe unakuwa mtu wake. Ule msamaha uliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, na kampuni itatakiwa kwenda CQC kuomba usajili, ikiwa na meneja, sera zilizoandikwa na ukaguzi.

Na mdogo wako? Siku utakapompeleka wewe na kumlipa wewe, umekuwa mwajiri na mtoa huduma. Hapo CQC inakuhusu, bima ya mwajiri inakuhusu, na kima cha chini cha mshahara kinakuhusu. Njia ni nyepesi: familia imchukue yeye mwenyewe, kwa makubaliano yake, alipwe na wao. Wewe mtambulishe tu, umwoneshe kazi siku moja mbele ya binti wa nyumba, uishie hapo. Usichukue hata senti ya kumtafutia.

Cheti cha DBS, yaani cha ukaguzi wa rekodi ya jinai, nacho kimewatesa wengi. Kwa miaka mingi mtu aliyejiajiri aliweza kujiombea cheti cha msingi tu; kile cha juu chenye ukaguzi wa orodha ya waliozuiwa ilibidi kiombwe na mwajiri. Tangu Januari 2026 aliyejiajiri na hata aliyeajiriwa na familia binafsi kwa kazi ya aina hii anaweza kuomba cheti cha juu kwa kupitia taasisi mwavuli iliyosajiliwa na DBS. Kabla ya kulipa, angalia kile cha ajensi. Kama ulijiunga na huduma ya kukihuisha, ile ya pauni 16 kwa mwaka, cheti hicho bado ni hai na kinakufuata kwa kazi ya aina ileile. Kama hukujiunga, ukipata kipya usilale: dirisha la kujiunga ni siku 30 tangu cheti kitolewe. Haya yote nasema kwa England. Scotland wana mpango wao wa ukaguzi uitwao PVG, ambao tangu Aprili 2025 ni lazima kwa kazi hizi, na Ireland Kaskazini wanatumia AccessNI.

Bima ya kwako, kwa wale wateja utakaojitegemea nao, isiwe ile ya bei rahisi uliyoiona mtandaoni ukabonyeza. Piga simu, taja kazi kwa majina yake: ninampa dawa, ninatumia hoisti (mashine ya kumnyanyulia mgonjwa), nalala usiku, kuna mgonjwa anayelishwa kwa mrija. Mwulize kila moja kama imo na umwombe akuandikie. Bima ya madhara kwa watu wengine pekee haitoshi, unahitaji pia inayofunika makosa ya huduma yenyewe. Na gari: bima ya kawaida ya kwenda kazini na kurudi haikufuniki unapotoka nyumba ya mteja mmoja kwenda kwa mwingine, wala unapompeleka mgonjwa hospitali. Waombe wakuongezee matumizi ya kazi.

Kuhusu mafunzo, una faida ya miaka saba. Ila cheti ambacho ajensi ilikulipia huenda kimebaki kwenye faili lao. Waombe nakala kwa maandishi kabla hujatoka: Care Certificate (cheti cha mafunzo ya msingi ya wahudumu), kumhamisha mgonjwa, dawa, ulinzi wa watu wazima walio hatarini, huduma ya kwanza. Ya kumhamisha mgonjwa wengi hapa huirudia kila mwaka, na kampuni ya bima inaweza kukuuliza tarehe ya mwisho.

Sasa nyumbani kwa yule mama kwenyewe. Kwenye ajensi kulikuwa na mtu wa kupigia simu, na mpango wa huduma uliletwa umeshaandikwa. Ukiwa peke yako, siku ya kwanza usiguse kitu kabla hujakaa na familia mkauandika. Kama kuna hoisti, inamia uitafute ile stika yenye tarehe ya ukaguzi. Mashine ya kumnyanyulia mtu inayotumika kazini hukaguliwa na fundi mwenye sifa angalau kila miezi 6, kwa kanuni za mwaka 1998. Shika slingi, kile kitambaa kinachombeba mgonjwa kwenye hoisti, usome lebo yake: ukubwa, uzito inaoubeba, na kama mshono umelegea. Kama mpango wa tabibu wa viungo unasema watu wawili, basi ni wawili. Usikubali kubembelezwa na mwana wa nyumba kwamba ajensi ilipochelewa alikuwa akimnyanyua peke yake. Mgongo wako ndio mtaji wako.

Dawa vilevile. Mpe kutoka kwenye boksi au pakiti aliyoifunga mfamasia, yenye jina lake, kwa muda wake, halafu andika papo hapo kwenye karatasi ya dawa: saa, kiasi, saini yako. Akikataa, andika amekataa, umwarifu binti yake. Kinachowaponza watu ni hiki: binti anakuomba uzitoe zile za jioni uziweke kwenye kikombe, atampa mwenyewe akirudi. Mkatalie kwa heshima. Kidonge kikishatoka kwenye pakiti hakina jina tena, na kikimezwa na mtu asiye wake, au kikamezwa mara mbili, karatasi itakuwa na saini yako.

Pesa za yule mama zikae mbali na mkoba wako. Namba ya siri ya kadi yake usiijue. Mkienda dukani, risiti na chenji viingie kwenye daftari, na familia itie saini kila wiki. Jua pia nani ana mamlaka ya kisheria ya kumsemea, maana mamlaka ya fedha na mamlaka ya afya ni hati mbili tofauti, na mtoto anayetoa amri kwa sauti kubwa huenda hana hata moja. Mama akiwa bado na akili zake kamili, mwenye kauli ya mwisho ni yeye. Na akikwambia anataka kukuandika kwenye wosia, siku hiyohiyo mwambie binti yake, na umwelekeze mama kwa wakili asiyekuwa na uhusiano na wewe.

Kodi. "Mkononi" maana yake iwe benki. Kupokea noti si kosa, ila asiyeandika alichopokea hana ushahidi wa kipato siku anapotaka mkopo wa nyumba au kumleta mwenzi wake, na HMRC wakija, maelezo hayatamsaidia. Ukipata zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kabla ya kutoa gharama, unatakiwa kujisajili. Mwaka wa kodi unaanza 6 Aprili. Tuseme umeanza kujitegemea Juni 2026: mwisho wa kujisajili ni 5 Oktoba 2027, na ritani, yaani fomu ya kutangaza kipato chako, pamoja na malipo ni 31 Januari 2028. Usingoje. Jisajili mwezi uleule, wakutumie namba yako ya mlipakodi.

Nikupe mfano wenye hesabu. Tuseme saa 24 kwa wiki za kujitegemea kwa pauni 16, ni pauni 384. Kwa wiki 46, maana nawe utapumzika na utaugua, ni pauni 17,664. Ondoa pauni 1,200 za bima, glavu, simu na safari za kati ya wateja, faida inabaki 16,464. Kama huna kipato kingine, 12,570 za kwanza hazitozwi. Zinabaki 3,894: kodi ya mapato ya asilimia 20 ni pauni 778.80, bima ya taifa ya Class 4, inayolipwa na waliojiajiri, ya asilimia 6 ni pauni 233.64. Jumla 1,012.44. Class 2, ule mchango mwingine wa bima ya taifa wa waliojiajiri, tangu Aprili 2024 hulazimishwi tena, na kwa faida ya kiwango hiki mwaka wako unahesabiwa kwenye pensheni ya serikali bila kuilipa.

Watu wanaoanza huumizwa na mambo mawili hapa. La kwanza, deni likishapita pauni 1,000 HMRC wanakudai pia malipo ya awali ya mwaka unaofuata, nusu Januari na nusu Julai. Kwa hiyo hiyo Januari ya kwanza hutalipa 1,012.44, utalipa 1,518.66, kisha Julai 506.22 tena. La pili linakuhusu wewe hasa ukifuata ushauri wangu wa kuwa na pande mbili: ikiwa mshahara wako wa kuajiriwa umeshamaliza ule unafuu wa 12,570, faida ya upande wa kujitegemea inatozwa kodi kuanzia pauni ya kwanza. Kwa faida ileile ya 16,464, kodi ya mapato inakuwa 3,292.80, na ukiongeza bima ya taifa, unafika 3,526.44. Ndiyo maana nasema fungua akaunti ya pembeni, na kila unapolipwa na mteja wa kujitegemea weka theluthi humo siku hiyohiyo. Kitakachobaki baada ya Januari ni akiba yako ya likizo.

Ukiweka taarifa za wateja kwenye simu au kompyuta, pitia maswali ya ICO, mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, mtandaoni uone kama unatakiwa kulipa ada yao ya mwaka. Kwa mtu mmoja ni pauni 52.

Neno kwa wengine wanaosoma hapa: haya nimemjibu mwenye makazi ya kudumu. Aliye na viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata saa moja. Aliyefadhiliwa na mwajiri asipokee kazi ya pembeni ya namna hii kabla hajazungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Njia ya kuwaajiri makea wapya kutoka nje ilifungwa 22 Julai 2025, kwa hiyo anayepoteza viza leo hana mlango rahisi wa kurudia.

Limebaki la ajensi. Chukua mkataba wako usome sehemu ya mwisho mwisho, ile isomwayo na wachache. Wengi wao wameandika kwamba ukiondoka huruhusiwi kumchukua mteja wao kwa miezi kadhaa, na mkataba wa familia nao unaweza kuwa na faini ya kumchukua mfanyakazi wao. Yote mawili yasomwe kabla ya neno lolote kusemwa kwa meneja. Pakiwa na kipengele kama hicho, ofisi ya Citizens Advice, shirika la hisani la ushauri, watakushauri bila malipo, au familia iongee na ajensi walipe ada ya kukuachilia, mara nyingine hukubaliwa. Barua ya kuacha kazi iandike mwisho kabisa: mkataba wa familia uwe umesainiwa, una saa, malipo, likizo, muda wa notisi kwa pande zote, na nini kitatokea kwa malipo yako mama akilazwa hospitali. Hilo la kulazwa usiliache wazi. Akikaa wodini wiki tatu, nawe umeshaacha ajensi, kodi ya nyumba yako haitasubiri atoke.